Barua ya wazi kwa viongozi wa Mandvi, mji ulioitwa Forodha

Kwa: Mwenyekiti na madiwani wa Nagarpalika (halmashauri ya mji) ya Mandvi, Kutch, India
Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Kutch, Bhuj, Bodi ya Bahari ya Gujarat, Gandhinagar

YAH: UWANJA WA VYOMBO WA MTO RUKMAVATI NA KUMBUKUMBU ZA PWANI ZETU MBILI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Mimi ni kitukuu wa fundi wa vyombo aliyeondoka Mandvi na upepo wa kaskazi, akashuka hapa kwetu, akaoa, akazaa, akazikwa. Sina kura mjini kwenu wala silipi kodi ya nyumba, kwa hiyo siwadai kitu kwa haki ya raia. Nawaomba kwa haki ya udugu, na nyote mnajua kwamba kwa watu wa pwani haki hiyo nayo ina uzito wake.

Naandika kwa Kiswahili. Kigujarati nakisikia lakini kukiandika siwezi, na Kikutchi, lugha ya jikoni kwa bibi yangu, hakimo hata katika zile lugha 22 zilizotajwa na Katiba ya India. Binamu yangu wa Bhuj ameahidi kuitafsiri barua hii na kuileta mkononi mwenu. Lakini wapo mjini kwenu wasiohitaji tafsiri. Nilipokuja, tulikuwa tumekaa mimi na mume wangu kando ya ziwa la Topansar, tunaulizana twende tukale dabeli kwanza au turudi nyumba ya wageni, mzee mmoja akageuka kwenye benchi la pili: "Mnatoka wapi, wanangu?" Kiswahili cha Unguja, safi, kama ameondoka jana. Tukampa shikamoo, akaipokea kwa macho yaliyojaa maji. Alizaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964, na hajarudi tangu hapo. Tulikaa naye mpaka adhana ya magharibi. Wakati wa kuagana akaniambia: "Nendeni mkaone vyombo mtoni, kabla havijesha."

Tulikwenda kesho yake asubuhi. Nataka niwaeleze nilichokiona, ingawa ninyi mnapita hapo kila siku. Jicho la mgeni huona vitu ambavyo mwenyeji ameshavizoea.

Jahazi lilikuwa limesimama juu ya magogo kwenye ukingo wa Rukmavati, tumbo lake refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Mataruma yameshapigwa, mbao za ubavuni zimefika nusu. Chini kabisa, karibu na mkuku, fundi mmoja amechuchumaa. Anachukua pamba, anaisokota kwenye paja mpaka iwe kama kamba nyembamba, anaipachika kati ya mbao mbili, kisha anaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mti. Anapiga mara tatu, anasogeza, anapiga tena mara tatu. Mlio ule niliujua kabla sijaujua. Babu yangu alikuwa akiifanya kazi hiyo hiyo kwenye bandari ya kale Mombasa nikiwa mtoto wa miaka sita. Sisi tunaiita kalafati. Nilisimama pale nikalia, na fundi yule, kwa adabu, akaendelea na kazi yake.

Baadaye nilimuuliza mistri wao, yaani fundi mkuu, ramani ya chombo iko wapi. Akagusa kipaji chake. Hakuna karatasi. Urefu wa mkuku ukishajulikana, mengine yote yanatoka kichwani na kwenye kamba ya kupimia: upana wa tumbo, mpindo wa omo, kimo cha tezi. Magogo ya mti wa sal yanatoka Malaysia, kazi inachukua miaka miwili au zaidi, na kikimalizika chombo kinafungwa injini ya dizeli na kwenda Dubai, Oman, Somalia. Tukaanza mchezo wa maneno. Mimi nasema bandari, yeye anasema bandar. Nasema nahodha, anasema nakhuda. Usukani kwao ni sukan, nanga ni langar. Nikamwambia kwamba sisi msoma nyota na njia za bahari tulimwita mwalimu au malimu. Akacheka kwa nguvu, maana kwao ni malam, na ukoo mzima wa mkewe wanaitwa hivyo. Maneno hayo mengine ni ya Kiarabu na mengine ya Kiajemi, yalituzungukia sote kwa bahari moja. Lakini kotia ni chombo chenu, na kwetu mpaka leo mzee akisema kotia anaona Kutch.

Waheshimiwa, jina la mji wenu lina habari ambayo kwetu haihitaji maelezo marefu. Mandvi maana yake ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Kwa Kiswahili mji wenu ungeitwa Forodhani. Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa Kutch, aliuanzisha mwaka 1580 mahali ambapo misafara ya ngamia kutoka Sindh, Rajasthan na Malwa ilikutana na vyombo vya bahari, na kila mzigo uliobadili mgongo, kutoka ngamia kwenda jahazi au kutoka jahazi kwenda ngamia, uliacha kitu kidogo mjini. Kwa ushuru ule ukajengwa ukuta wenye malango na maburuji, zikajengwa nyumba za matajiri wenye majahazi. Inasimuliwa kwamba enzi za neema wafanyabiashara wa Mandvi walikuwa na vyombo mia nne. Vilitupelekea kaniki na nguo nyingine za pamba, vikarudi na pembe za ndovu, na baadaye karafuu.

Halafu likatokea jambo ambalo kila mtoto wa Unguja na wa Mandvi angepaswa kulijua. Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, forodha ya kisiwa aliikodisha kwa Wabhatia wa Kutch, nyumba ya Jairam Shivji. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, miaka ya 1830 mpaka 1880, nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi cha fedha kila mwaka, nayo ikajikusanyia ushuru wa pwani nzima. Tajiri mwingine wa Kutch, Tharia Topan wa Lakhpat, ndiye aliyeanza kulijenga lile jengo la roshani za mbao zilizochongwa ambalo Waunguja wanaliita Zahanati ya Zamani. Yaani watu wa forodha ya Kutch walikuja kushika forodha ya Unguja. Vitabu vya biashara vilivyoandikwa Unguja kwa mkono wa Kikutchi vilieleza shamba gani limewekwa rehani, msafara gani umekopeshwa, nani anadaiwa reale ngapi mpaka Tabora na Ujiji. Historia ya fedha ya Afrika Mashariki huwezi kuielewa kama hujui kitu kuhusu miji ya pwani yenu.

Sasa nieleze linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Mji ulioitwa Forodha hautozi tena forodha. Meli za moshi zilikuja, kubwa mno kwa mdomo wa Rukmavati. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947 na Karachi kubaki upande wa pili, serikali ilijenga bandari mpya Kandla, na mwaka 1955 ikatangazwa kuwa bandari kuu. Tangu 1998 jirani yenu Mundra ana bandari ambayo leo ni miongoni mwa kubwa kabisa India. Mandvi ikabaki na majahazi. Hata ule ushuru mdogo wa mjini, octroi, uliotozwa bidhaa zinapoingia mipaka ya mji, umefutwa katika Gujarat yote. Mwaka 2007 ulikuwa umekwisha kabisa. Wafanyabiashara walifurahi, na sababu zao nazielewa, maana malori yalikuwa yakilala kwenye vizuizi. Lakini mji mdogo ulipoteza mfuko wake. Sasa nagarpalika inaishi kwa kodi ya nyumba, ada ya maji, na ruzuku inayoteremka kutoka Gandhinagar. Anayeishi kwa ruzuku hujifunza kuomba yale ambayo mtoaji anapenda kutoa.

Na ardhi yenyewe ya mtoni ina wenyewe wengi. Bandari zote ndogo za Gujarat ziko chini ya Bodi ya Bahari iliyoanza kazi mwaka 1982. Mapato ya ardhi na taluka, yaani tarafa, yako kwa mamlatdar, ofisa wake. Juu yake yuko mkuu wa wilaya, Bhuj, mwenye wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba zaidi ya 45,000. Ninyi madiwani mmechaguliwa na watu, lakini Ofisa Mkuu anayetia saini analetwa na serikali ya jimbo. Sisemi haya kwa kuwacheka. Sisi Mombasa tuliishi hivyo hivyo kwa miaka mingi: karani wa mji aliteuliwa Nairobi, diwani akibaki na kofia na kiti. Katiba ya 2010 ilitupa serikali za kaunti, na kuanzia 2013 tukaanza kujifunza upya maana ya kujiamulia. Bado tunajikwaa. Lakini najua vizuri hali ya jambo kuwa la kila mtu mpaka likawa si la mtu.

Nililionja hilo kwa siku tatu. Nilikuwa natafuta karatasi za zamani zinazotaja vyombo na mabaharia waliotoka Kutch kwenda pwani yetu, nikitumaini kuliona jina la baba wa babu yangu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinituma ya pili. Ya pili ikanituma ya tatu. Ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Siku ya tatu karani kijana alinionea huruma, akanifungulia kabati la chuma. Madaftari yalikuwamo, yamefungwa kwa kitambaa chekundu. Alipofungua la kwanza mchwa walikuwa wamekula toka katikati kwenda pembeni, kikabaki fremu ya karatasi kuzunguka shimo. Alipoligeuza ukurasa, maandishi yakamwagika mezani kama unga. Kijana yule akasema, kwa masikitiko ya kweli, "Mama, hakuna aliyeambiwa kwamba hii ni kazi yake."

Ni kazi ya nani? Nimeisoma Katiba yenu kwa msaada wa binamu yangu, na ruhusuni niseme nilivyoielewa. Marekebisho ya 74, yaliyoanza kutumika Juni 1993, yaliipa miji ya India nafasi yake ndani ya Katiba. Jedwali la Kumi na Mbili linataja kazi 18 ambazo jimbo linaweza kuzikabidhi kwa mji: maji, taka, barabara, zimamoto, makaburi, vizazi na vifo. Lakini zimo pia mipango miji, matumizi ya ardhi, na kukuza utamaduni na elimu. Neno "utamaduni" limo, waheshimiwa, liko hapo hapo pamoja na mitaro na taa za barabarani. Hakuna haja ya kumsubiri mtu wa Delhi aje aseme kwamba uwanja wa vyombo ni mali ya mji.

Kuna tundu moja katika sheria hiyo ambalo lilinishangaza. Mkazi wa kijiji kidogo nje ya Mandvi ana gram sabha, mkutano wa wanakijiji: Katiba inamtambua, anaweza kukaa kikaoni na kumuuliza kiongozi wake fedha zimekwenda wapi. Mkazi wa jiji lenye watu laki tatu na zaidi ana kamati ya kata kwa mujibu wa Katiba. Lakini mji wa ukubwa wenu, watu takribani 51,000 kwa sensa ya 2011, umeangukia katikati. Mwananchi wa Mandvi anapiga kura mara moja kwa miaka mitano, kisha anarudi nyumbani. Mistri wa pale mtoni, ambaye maisha yake yote yanategemea uamuzi wa ukingo ule utumikeje, hana kikao anachoweza kuingia na kusema neno. Hakuna sheria inayowakataza kumwita. Iteni kikao cha kata mara mbili kwa mwaka, kwa hiari yenu, chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa shule. Hilo halihitaji ruzuku.

Naligusia hili kwa sababu najua mto ulio katikati ya mji hauachwi siku hizi. Ahmedabad ilipofanya kingo za Sabarmati kuwa za zege na bustani, kila mji wenye mto ukatamani yake. Na huenda siku moja atakuja mtu kwenu na michoro mizuri: njia ya kutembelea, taa, vibanda vya vitafunio, na jahazi moja bovu lililopakwa rangi kama pambo la kupigia picha. Siku hiyo ulizeni swali moja kabla ya yote: mafundi watajenga wapi? Jahazi lisilojengewa wenzake ni kisiki tu. Watalii wenu wanaokuja kuona Vijay Vilas, kasri ya Rao Vijayarajji iliyomalizika mwaka 1929, wanasimama mtoni kwa sababu pale kuna mlio wa nyundo na harufu ya mbao mbichi. Ukiondoa mlio huo umeondoa kilichowaleta.

Nimeshuhudia kwetu namna mambo yanavyokwenda pande zote mbili. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na Matondoni bado watu wanajenga majahazi; mtoto anazaliwa akisikia shoka. Unguja, Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na umo katika orodha hiyo hiyo tangu 2000, na bado siku ya Krismasi ya 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka ikaua watu. Kuwa na cheti si kuwa salama. Kutch nayo ina Dholavira, iliyoingizwa katika orodha hiyo mwaka 2021, mji wa miaka elfu nne na zaidi. Siwaombei Mandvi cheti. Dholavira imeshakufa na inachimbuliwa. Mandvi iko hai na inahitaji kuachiwa kufanya kazi.

Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 nalo lina somo hapa. Bhuj, Anjar, Bhachau na Rapar ziliumia vibaya, zikaundiwa mamlaka za maendeleo, zikachorewa ramani mpya na kujengewa barabara pana. Mandvi haikuwa miongoni mwa hizo nne, maana Mungu aliihurumia kuliko wenzake. Lakini kwa kusimama kwake haikupata jicho lile la wapangaji na fedha zile. Vipande vya ukuta vilivyobaki vinaliwa na chumvi, matofali moja moja. Nilipita kwenye lango moja nikaona nyaya za umeme zimepigiliwa misumari juu ya mawe yaliyochongwa. Aliyezipigilia hana kosa, hakuna aliyemwambia.

Lipo na jambo zito zaidi, na nikilikwepa barua hii itakuwa ya nusu.

Vyombo vya Kutch havikurudi na pembe na karafuu tu. Vilibeba watu. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, wengi wao wa kutoka kwenu, walikopesha misafara ya bara na walimiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza pale Unguja, C. P. Rigby, aliwalazimisha kuwaacha huru, wakahesabiwa kwa maelfu. Kwenu, Rao Desalji wa Pili alikuwa ameshapiga marufuku kuingiza watumwa bandarini tangu 1836. Kama biashara isingekuwapo asingekuwa na haja ya kuipiga marufuku. Chombo kilichomleta baba wa babu yangu Mombasa kilipakia nguo na samli, ndivyo tulivyosimuliwa, na mimi ni mtoto wa Kutch na mtoto wa pwani ya Afrika kwa pamoja, kwa hiyo hesabu hii nairithi pande zote.

Uzao wa watu hao uko kwenu. Wasidi wa Kutch ni majirani zenu. Wanapocheza dhamal, ngoma wanayoita pia goma, na mtu akaishika mugarman, ngoma ile ndefu, mimi sihitaji mkalimani. Nilihudhuria arusi moja, nikakaa na kina mama, na mmoja akanishika mkono akaniuliza kama ni kweli kwamba Afrika watu bado wanapiga hivi. Nikamwambia ndiyo, dada. Akaupiga paja lake mdundo, nikaujibu. Hatukuwa na lugha nzuri ya pamoja, lakini mdundo tulikuwa nao.

Wasidi wa Saurashtra, ng'ambo ya Ghuba ya Kutch, kama Junagadh na Jamnagar, wametambuliwa kisheria kama kabila lenye haki za upendeleo katika shule na ajira. Orodha hiyo imetaja wilaya, na Kutch haimo. Ndugu wawili, mmoja amezaliwa upande huu wa ghuba na mwingine ule, hawana haki sawa. Najua kubadili orodha ni kazi ya Bunge, Delhi. Lakini azimio la baraza la mji lililo wazi, lenye mihuri, likipelekwa kwa mbunge wenu, ni karatasi ambayo mtu lazima aijibu.

Na mji wenu unajua kukumbuka ukitaka. Shyamji Krishna Varma, mpigania uhuru wa India, alizaliwa Mandvi mwaka 1857, akaanzisha India House, nyumba ya wanafunzi wa Kihindi, London mwaka 1905, akafa Geneva 1930 akiwa na tumaini kwamba majivu yake yatarudishwa India huru. Yalirudi mwaka 2003. Na mwaka 2010 ikafunguliwa Kranti Teerth, mahali pa kumbukumbu yake, na ndani yake nyumba ile ya London imejengwa upya, matofali mekundu kama ilivyokuwa. Nilipanda ngazi zake nikafurahi kwa ajili yenu. Kisha nikawaza: nyumba ya London imejengwa hapa Mandvi kwa heshima ya mtu mmoja aliyekwenda Ulaya. Maelfu waliokwenda Afrika, na wale walioletwa kutoka Afrika bila kuulizwa, sikuliona jiwe lao popote nilipopita.

Siombi kasri. Naomba chumba kimoja. Tafuteni nyumba moja ya zamani ya tajiri wa vyombo, karibu na mto, iliyofungwa kwa sababu warithi wako Nairobi au Leicester na hawajui waifanyie nini. Wapo watakaokubali wakiombwa kwa adabu na wakihakikishiwa paa halitavuja. Wekeni humo madaftari yaliyobaki kabla mchwa hawajamaliza, na mtu mmoja wa kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Wakalisheni mistri wazee humo na kinasa sauti, waeleze chombo kutoka mkuku mpaka mlingoti, kwa Kikutchi chao, wasilazimishwe Kigujarati cha vitabuni. Wasidi nao wawe ndani tangu siku ya kwanza ya kupanga, wasije wakaitwa siku ya ufunguzi kupiga ngoma kisha wapewe chai na kuondoka. Wao ndio waseme ukutani paandikwe nini kuhusu walioletwa.

Na kuhusu uwanja wa vyombo, kaeni meza moja na Bodi ya Bahari na ofisi ya mkuu wa wilaya, mwandike katika mpango wa maendeleo wa mji kwamba ukingo ule ni mahali pa kujengea vyombo, kwa maneno hayo hayo, ili atakayetaka kuubadilisha alazimike kuja mbele ya watu. Angalieni pia maji taka yanayoingia Rukmavati. Fundi anafanya kazi miguu ikiwa kwenye tope lile, na tope lile nililikanyaga.

Najua mnabeba mengi. Juni 2023 kimbunga Biparjoy kilipotua karibu na Jakhau, ninyi ndio mliokuwa mkihangaika na miti iliyoanguka na umeme uliokatika, si wanaoandika barua kutoka mbali. Nusu ya viti vya miji ya Gujarat vimetengwa kwa wanawake, na miongoni mwenu wamo dada zangu wanaotoka kikaoni wakaingie jikoni. Sikuandika ili kuwaongezea lawama. Mzee wa Topansar alisema "kabla havijesha," na nimekuwa nikiyasikia maneno hayo kila nikipita bandari yetu ya kale, ambako siku hizi majahazi yanayotia nanga unaweza kuyahesabu kwa vidole.

Nimebaki na patasi ya kalafati ya babu yangu. Ni chuma kifupi, ncha imepondeka kwa kazi, na kwenye mpini kuna bonde dogo mahali kidole gumba chake kilipokaa kwa miaka hamsini. Baba yake ndiye aliyekuja nayo kutoka Mandvi. Siku mtakayoniandikia kwamba chumba kimepatikana, nitaileta mwenyewe, na kama mistri yule bado yuko mtoni, nitampa kwanza aigonge mara tatu kabla haijawekwa ndani.

Wenu katika udugu,
Kitukuu wa fundi wa Mandvi
Mji wa Kale, Mombasa